Mwili Wako Haujazoea Floraidi, Unaificha Tu

Kuna sentensi moja ambayo nikiisikia tena hapa Mai Mahiu nitapiga kelele: "Maji ni haya haya tumekunywa tangu zamani, mwili umeshazoea." Utaisikia kwa muuza maji, kwa mwalimu, kwa mzee anayecheza drafti kando ya barabara, na (aibu hii!) kwa watu wenye digrii. Juzi nimeikuta imevaa suti: programu fulani ya afya ya simu inamwambia mtumiaji kwamba mwili wake ni mashine kamili inayojisawazisha yenyewe, yeye kazi yake ni kuusikiliza tu.

Wanaonitembelea hapa wamezoea tukiongea mambo ya seva na hifadhidata. Leo tutaongea maji. Lakini msiondoke, maana hoja ni ile ile ya siku zote: mfumo hauwezi kudhibiti kitu usichokipima.

KWANZA, TUUPE MWILI HAKI YAKE

Sitaki mtu aseme nadharau mwili. Mwili ni kazi ya ajabu. Mfaransa Claude Bernard, karne ya 19, ndiye aliyeona kwamba mnyama ana mazingira mawili: ya nje yanayobadilika ovyo, na ya ndani (damu na majimaji yanayozunguka seli) ambayo hayabadiliki sana. Mwaka 1926 Mmarekani Walter Cannon akaipa hali hiyo jina, homeostasisi, na mwaka 1932 akaandika kitabu kizima kuisifu hekima ya mwili. Daktari aliyefanya kazi na Cannon, Arturo Rosenblueth wa Meksiko, alikuwa rafiki wa mwanahisabati Norbert Wiener, na Wiener mwaka 1948 akatuletea saibanetiki. Kwa hiyo sisi watu wa kompyuta tukichora mishale ya mrejesho kwenye ubao, tunachora kitu ambacho madaktari nao walikichora. Ni ukoo mmoja.

Mfumo wa namna hiyo una sehemu tatu. Kuna kihisio kinachopima. Kuna lengo, yaani thamani inayotakiwa. Kuna kitendaji kinachosahihisha tofauti. Ukitoa mojawapo, huna udhibiti tena.

Panda matatu Limuru asubuhi kwa baridi ile ya kugonganisha meno, ushuke ukingo wa Bonde la Ufa hadi huku kwetu jua likiwa kali. Kule juu ulikuwa unatetemeka, huku unatoa jasho, lakini ndani umebaki karibu na nyuzi 37. Ubongo una vihisio vya joto, una lengo, na una vitendaji: mishipa ya ngozi, jasho, misuli. Kunywa soda na mandazi mawili, sukari kwenye damu inapanda, kongosho linahisi, linamwaga insulini, sukari inashuka. Asidi ya damu nayo inashikiliwa kati ya pH 7.35 na 7.45, mapafu na figo zikisaidiana usiku na mchana.

Kalsiamu ndiyo nzuri kuliko zote. Shingoni una tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele. Kazi yake ni kuonja kalsiamu ya damu. Ikipungua kidogo tu, tezi zinatoa homoni, na homoni inaamuru mifupa iachilie kalsiamu, figo zisipoteze, na utumbo (kwa msaada wa vitamini D) ufyonze zaidi. Ikizidi, amri inakatwa. Mhandisi yeyote akiona mchoro huo anavua kofia.

SASA SWALI LA MHANDISI

Kihisio cha floraidi kiko wapi?

Hakipo. Hakuna tezi inayoionja. Hakuna homoni inayotumwa ikizidi. Hakuna lengo. Ukinywa maji yenye floraidi nyingi, tumbo na utumbo vinaifyonza haraka, na kiwango cha damu kinapanda ndani ya saa moja hivi. Ukinywa zaidi, kinapanda zaidi. Kiu haibadiliki. Ladha haikuonyi. Mwili hautapiki. Kwa lugha yetu, ni kigezo kinachoingizwa kwenye mfumo bila kukaguliwa popote.

Basi inaenda wapi? Njia ni mbili. Figo zinaitoa kwa mkojo, na kwa mtu mzima mwenye figo nzima hiyo ni karibu nusu ya iliyofyonzwa. Inayobaki inaenda kwenye mifupa na meno, ambako karibu asilimia 99 ya floraidi yote ya mwili hukaa. Kwa mtoto hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mifupa inayokua inaikamata kwa pupa, na kinachotoka kwa mkojo ni kidogo. Kwa mgonjwa wa figo ni hivyo hivyo, njia ya kutokea imeziba.

Sikilizeni hapa vizuri, maana ndipo kosa la "mwili umezoea" linapozaliwa. Mfupa hauichukui floraidi kwa kuamua. Ni kemia tu. Madini ya mfupa ni fuwele za kalsiamu na fosfati zenye nafasi ndogo ndani yake, na floraidi inatoshea kwenye nafasi hizo vizuri kuliko kilichokuwemo. Inaingia, inakaa, na kutoka inachukua miaka. Huo si udhibiti. Huko ni kutupa. Ni kama seva isiyofuta faili za muda: kila kitu kinaonekana sawa, kurasa zinafunguka, wateja wanafurahi, na diski inajaa polepole gizani. Siku ikijaa, msimamizi anaapa kwamba jana ilikuwa nzima.

Fanya hesabu ya mkono. Maji yana miligramu 4 za floraidi kwa lita. Mtu anakunywa lita 2 kwa siku. Zinaingia miligramu 8. Tuseme nusu inabaki: miligramu 4 kwa siku, karibu gramu moja na nusu kwa mwaka, ndani ya mifupa yake. Zidisha kwa miaka 20. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

LOGI TUNAYO, IMEANDIKWA MDOMONI

Kuna sehemu moja tu ambapo mwili unaandika ushahidi mapema, nayo ni meno. Gamba la jino linatengenezwa utotoni, kwa meno mengi ya kudumu ni hadi karibu miaka minane. Floraidi ikizidi wakati huo, gamba linatoka na madoa meupe kama chaki, na ikizidi sana, rangi ya kahawia na vishimo. Jino likishamea haliandikwi upya. Usugue kwa mkaa, kwa chumvi, kwa dawa ya bei gani, halibadiliki, kwa sababu si uchafu ulioganda juu. Ni jinsi jino lilivyojengwa.

Halafu sisi tunafanya nini na ushahidi huo? Tunaucheka! Msichana anafunika mdomo kwa kiganja akicheka. Kijana anaitwa "huyu hapigi mswaki". Mimi mwenyewe niliwahi kuombwa na mteja mmoja wa Nairobi nibadilishe picha kwenye ukurasa wa timu, niweke ile ambayo "hujafungua mdomo sana". Nilimjengea mfumo wa malipo uliokuwa unafanya kazi bila kukatika, lakini tatizo lilikuwa meno yangu. Nasema hivi: meno ya kahawia si aibu ya mtu. Ni rekodi ya maji aliyopewa kabla hajatimiza miaka tisa, na aliyepaswa kuona haya ni yule aliyepewa kazi ya kuyapima.

SI LAANA, SI UCHAFU, NI MIAMBA

Angalieni jina la mji wetu. Kwa Kikuyu ni maji moto. Ukisimama stendi unaiona Longonot, na Suswa haiko mbali. Tumekaa juu ya volkano. Maji yanayopita kwenye miamba na majivu ya volkano, tena yakiwa na joto, yanayeyusha floraidi njiani. Na maji ya Bonde la Ufa yana kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwepo ya kutosha ingeikamata floraidi na kuituliza chini kama mawe. Huku hakuna wa kuikamata, kwa hiyo inabaki majini. Ziwa Nakuru lenyewe limewahi kupimwa likakutwa na miligramu 2,800 kwa lita, kiwango ambacho kimeandikwa kuwa cha juu kabisa kuwahi kukutwa kwenye maji ya asili. Hakuna anayekunywa ziwa lile, lakini linaonyesha miamba hii inaweza nini.

Wala si sisi tu. Huko Colorado Springs, Marekani, daktari wa meno Frederick McKay alifika mwaka 1901 akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Ilichukua miaka 30, hadi 1931, ndipo mkemia H. V. Churchill akathibitisha kwamba ni floraidi ya maji. Kwa hiyo jambo hili limejulikana kwa karibu miaka mia. Hatungoji ugunduzi. Tunangoja mtu afanye kazi.

Namba ni hizi. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kiwango cha Kenya ni hicho hicho. Shirika hilo linasema pia kwamba dalili kwenye mifupa zinaweza kuonekana kwa maji ya miligramu 3 hadi 6, na kwamba ulemavu wa mifupa unakuja yakizidi 10. Ulemavu maana yake ni uti wa mgongo uliokakamaa, viungo visivyokunjika, watoto wenye miguu iliyopinda.

MAJIBU KWA WANAOBISHA

1. "Wazee wetu wameishi hadi miaka 85 na maji haya haya." Guka aliyefika 85 ni seva iliyosalia. Zilizoanguka hazipo kwenye orodha yako. Halafu kuishi miaka 85 si jibu la swali la mifupa. Muulize kama anaweza kuinama afunge kamba za viatu. Sisemi kila goti linalouma ni floraidi, la hasha, uzee upo na baridi yabisi ipo. Nasema dalili zinafanana, na bila kipimo huwezi kutofautisha. Tena visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine, vinavyofika kina ambacho jembe halikufika, si vya enzi za babu zake.

2. "Sisi tunachemsha." Vizuri sana, umeua vijidudu, endelea. Lakini floraidi si kijidudu. Haifi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, kwa hiyo kila lita uliyobaki nayo ina zaidi ya ilivyokuwa. Dawa ya klorini haiiondoi. Chujio la udongo la kawaida haliiondoi. Ukiongeza magadi kwenye githeri iive haraka, huenda umeongeza nyingine. Na majani ya chai nayo yana yake.

3. "Mbona dawa ya meno ina floraidi?" Swali zuri. Kidogo chake kinasaidia gamba la jino. Mji wa Grand Rapids, Marekani, ulianza kuiongeza kwenye maji mwaka 1945, na tangu 2015 kiwango kilichopendekezwa kule ni miligramu 0.7 kwa lita. Kwa hiyo kuna wanaoiongeza ifike 0.7, na kuna sisi tunaoipata kwa wingi bila kuagiza. Dawa ya meno unaipaka na kuitema. Maji unayameza, kila siku, maisha yote. Tofauti ni kiasi, na kiasi ndicho nisichoona kikiandikwa popote.

4. "Basi tuzoee tu, tutafanya nini?" Hapa ndipo ninapokasirika. Majirani zetu wa Tanzania, wenye bonde hili hili, kwa miaka mingi walikuwa na kiwango cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, baadaye 4, kwa sababu maji mengine hayakuwepo. Naelewa shida iliyowasukuma, kiu haingoji. Lakini kila mwandishi wa programu anajua jambo hilo kwa jina lake: testi imeshindwa, kwa hiyo unabadilisha testi. Mifupa haisomi kiwango cha serikali. Na tuwe wakweli, Tanzania hiyo hiyo ndiyo yenye kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kinachoshughulika na kuondoa floraidi.

MFUPA UPI UIBEBE?

Hili ndilo ninalotaka mlibebe hata mkisahau mengine yote.

Njia mojawapo nzuri ya kuondoa floraidi kwa nyumba za kawaida inatumia mifupa. Kweli kabisa. Unachukua mifupa ya ng'ombe, unaichoma kwenye tanuri lenye hewa kidogo hadi inakuwa mkaa, unaisaga punje punje, unajaza kwenye ndoo, unapitisha maji. Floraidi inakamatwa na zile zile fuwele za kalsiamu na fosfati, kwa kemia ile ile inayoikamata kwenye mifupa yako. Dayosisi Katoliki ya Nakuru imefanya kazi hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Si teknolojia ya kuagiza kutoka California. Iko Nakuru.

Mmeiona hesabu? Floraidi iliyotoka kwenye mwamba itaishia kwenye mfupa, karibu bila hiari. Swali lililobaki ni mfupa wa nani. Unaweza kuwa mfupa wa ng'ombe uliochinjwa tayari, ndani ya ndoo jikoni, na ukijaa unaubadilisha. Au unaweza kuwa mfupa wa mtoto wako, ambao haubadilishwi. Anayesema "mwili umezoea" amechagua chujio la pili bila kumuuliza mtoto.

Ndoo hiyo si muujiza. Mkaa ukijaa hauna kazi tena, na maji yatapita yakionekana safi kama kawaida, kwa hiyo lazima yapimwe na mkaa ubadilishwe. Kuna wasiotaka mifupa kwa sababu za dini, na hiyo ni haki yao. Wana mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Sisi tunayajua zaidi kwa ukatili wake, tangu tarehe 29 Aprili 2024 mafuriko yalipoua makumi ya watu hapa kwetu. Lakini mvua inayotua kwenye bati na kuingia kwenye tangi safi ndiyo maji ya kumpikia mtoto uji.

Naam, mtoto. Mwili unao mlango mmoja unaofanya kazi: maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji yenye nyingi. Ulinzi huo unaanza kuondoka siku ya uji wa kwanza uliopikwa kwa maji ya kisima, au siku maziwa ya unga yanapokorogwa kwa maji hayo. Kuanzia hapo hadi miaka minane, ndipo logi inaandikwa. Kama una mtungi mmoja tu wa maji salama kwa siku, usigawe sawa kwa sawa. Mpe mdogo kwanza. Kuoga, kufua na kunywesha punda tumia ya kisima.

NINACHODAI

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Katiba hiyo hiyo ilizipa kaunti huduma za maji. Kwa hiyo sidai huruma, nadai kihisio. Kila kisima cha umma, kila kioski cha maji, kila lori linalouza maji Mai Mahiu na Naivasha nzima, liandikwe namba moja kwa rangi kubwa: miligramu ngapi za floraidi kwa lita, na tarehe ya kupimwa. Bei tayari imeandikwa. Namba ya M-Pesa imeandikwa. Hii moja inashindikana nini?

Msiniambie nitengeneze programu ya simu. Naweza kuitengeneza wikendi moja, ramani na rangi na kila kitu, na itakuwa tupu, kwa sababu vipimo vyenyewe havijatolewa. Kibao cha bati na brashi vinatosha. Mama anayesukuma mkokoteni wa mitungi akiona 0.8 hapa na 6 pale, atajua pa kuchota bila kufundishwa na mtu mwenye digrii.

Mwili umefanya sehemu yake. Unashikilia joto, sukari, asidi, chumvi, kalsiamu, bila likizo, tangu kabla hujazaliwa. Kwa floraidi haukupewa kihisio, kwa hiyo kihisio lazima kiwe nje ya mwili, na lengo la 1.5 tayari limeandikwa. Kuanzia leo, mtu akikuambia mwili umezoea, muulize swali moja tu: umepimwa na nani, lini, na ikatoka ngapi?